Punguza rimu, nunua mpira: matairi ya bei nafuu kwa anayependa kona

Ukiniuliza tairi gani ni zuri, nitakuuliza kwanza rimu yako ni ya ngapi. Wenye magari yenye mzuka kidogo, Altezza, Mark X, Impreza, Verossa, huanza na jina la kampuni, bei inawashtua, halafu wanaishia kwenye mtumba. Hela haiokolewi kwenye jina. Inaokolewa kwenye saizi, na kile kilichookolewa kinanunua mpira bora.

Mimi naendesha Altezza ya silinda sita, gia za mkono. Nakaa Tanga mjini na nyumbani ni Lushoto, kwa hiyo barabara yangu naijua: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile panda ya Soni, yaani kupanda mlima kutoka Mombo hadi Lushoto. Ndani ya safari moja unaondoka Tanga kwenye joto la kulainisha lami, Muheza inakumwagia mvua, Mombo jua linawaka, na ukifika Soni ni manyunyu na ukungu, taa umewasha saa nane mchana. Julai huko juu watu wamevaa makoti. Hiyo panda yenyewe ni kilomita thelathini na kitu, nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na zipo sehemu maji yanachuruzika kutoka kwenye mwamba hata wakati wa kiangazi. Kona ya kwanza kavu, ya pili imelowa, ya tatu ina majani ya mikaratusi. Tairi la kona kavu tupu halinifai, na la teksi linalojisifu kufika kilomita laki moja nalo halinifai.

Turudi kwenye rimu. Tairi likiandikwa 215/45R17, ile 215 ni upana kwa milimita, na 45 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana, karibu milimita 97. R ni radial, aina ya mpangilio wa nyuzi za ndani, karibu kila tairi la gari dogo siku hizi liko hivyo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa chukua 205/55R16. Ubavu wake ni milimita 113. Ukipiga hesabu ya kipenyo chote, ubavu mara mbili ukajumlisha rimu, la kwanza linatoka milimita 625 na la pili 632. Tofauti ni kama asilimia moja tu, spidomita haitakuponza mbele ya trafiki mwenye tochi. Lakini umeongeza milimita 16 za mpira kati ya rimu na barabara, na umuhimu wake unaujua siku gurudumu linapotumbukia kwenye shimo lililojificha chini ya maji. Ubavu mwembamba ukibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona nundu. Tairi lenye nundu halizibwi, haliponi, linatupwa. Kwa barabara zetu, matairi ya wapenda rimu kubwa mara nyingi hufa hivyo kabla kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa lami, haijaisha.

Bei nayo. 205/55R16 ni saizi ya magari mengi duniani, Golf ikiwemo, kwa hiyo karibu kila kiwanda kinaitengeneza na maduka yanaigombania. 215/45R17 ina wateja wachache zaidi, na muuzaji anajua kuwa mwenye rimu za 17 ni mtu wa kujionyesha. Ukishuka inchi moja, hela iliyokuwa inanunua tairi la bei ya chini kabisa kwenye 17 inaweza kukufikisha daraja la juu yake kwenye 16. Hapo ndipo ninaposimama, hata vijana wa gereji wakinicheka kwamba gari limekuwa la mama wa kanisani.

Ni kweli usukani unajibu taratibu kidogo ubavu unapokuwa mrefu. Dawa yake ni kutafuta tairi lenye alama XL. Hilo limeimarishwa kubeba uzito zaidi, na ubavu wake kwa kawaida ni mgumu kuliko wa kawaida. Kwenye 205/55R16 utaona 91V kwa la kawaida na 94V au 94W kwa XL. Namba 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na 94 ni kilo 670. Kwangu hiyo si nadharia, kwa sababu nikishuka Lushoto buti limejaa viazi na kabichi za mama. Herufi ni mwendo wa juu kabisa, kilomita kwa saa: T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Sitafuti 240 mimi. Ila tairi la V kwa kawaida limejengwa imara kuliko la T, na uimara huo unausikia kwenye kona hata ukiwa mwendo wa 60.

Kabla ya kununua rimu ndogo, pima. Altezza zilitoka kiwandani na saizi zaidi ya moja kutegemea toleo, na breki za toleo la RS200 ni kubwa kuliko za toleo la AS200, kwa hiyo jaribu rimu moja mbele uone kama haigusi kaliperi ya breki, kisha zungusha kwa mkono. Altezza ina nati tano, na duara linalopita katikati ya nati lina kipenyo cha milimita 114.3. Rimu ya Impreza ya 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100, haingii, na fundi akikuambia “tutatoboa upya” ondoka hapo. Rimu za mtumba sina shida nazo kabisa. Rimu haizeeki kama mpira, ilimradi haijapinda wala haijachomelewa ufa. Zile 17 zako utaziuza kwa hao hao wanaokucheka, na hela yake itasaidia matairi.

Kuhusu matairi ya mtumba, hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wanakopotea wengi.

Ukiingia kwenye vibanda vya mitumba, hasa ukiwa mwanamke, utaonyeshwa kwanza tairi lenye kashata nene, jeusi linang'aa. “Dada, hizi Japani original kabisa, zimetembea kidogo, angalia kashata hiyo.” Na kweli kashata ipo. Muulize tairi hilo lilikuwa la msimu gani, utamwona anaangalia pembeni.

Japani kaskazini kuna theluji ya kufa mtu. Zamani walifunga matairi yenye misumari, misumari ikawa inasaga lami na kujaza vumbi mijini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakapigwa marufuku. Nafasi yake ikashikwa na matairi ya baridi yasiyo na misumari, ya mpira laini sana, laini makusudi ili usikauke kwenye barafu. Mwenyewe analifunga miezi michache kwa mwaka na kulihifadhi miezi inayobaki, ndiyo maana miaka inapita na kashata bado nene. Yakichoka kwa sheria zao au gari likiuzwa, yanaingia kwenye kontena na kuja kwetu, mengine yakiwa yamefungwa kwenye gari lenyewe ulilonunua bandarini.

Hilo tairi kwenye lami ya Mombo saa saba mchana ni hatari. Mpira uliotengenezwa kwa barafu unayumba kwenye joto. Ukikata kona unahisi gari linachelewa, kama mkia unafika baada ya kichwa, breki inakwenda mbali, na kashata uliyosifiwa inaisha haraka ajabu. Kwenye lami iliyolowa ya joto ndiyo mbaya zaidi, na hapo ndipo watu wanaposhangaa kwa nini gari lenye tairi “jipya” limeserereka.

Kulitambua si kazi. Tafuta neno STUDLESS, yaani bila misumari, ubavuni. Tafuta mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx ni matairi mazuri kwa baridi yake, huku siyo kwao. Herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani 160. Ukikosa yote hayo, angalia kashata yenyewe: kila bonge la mpira limechanjwa chale nyembamba za mawimbi, nyingi nyingi, kutoka ukingo hadi ukingo. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, inaonekana hata kwenye matairi ya kawaida ya magari ya juu.

Kuna pia yale ya kuchongwa. Tairi kipara linachukuliwa, linachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, linapakwa rangi nyeusi. Kwenye lori kuna matairi yaliyojengwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo, yameandikwa REGROOVABLE. La gari dogo halina mpira huo. Ukichonga unakaribia nyuzi. Tazama chini ya mfereji: kiwanda huacha vinundu vidogo vya kuonyesha mwisho wa kashata, kimo chake milimita 1.6. Mifereji ikiwa mirefu na vinundu havipo, limechongwa. Mimi kwa kifupi situmii mtumba kwenye gari ninalopenda kulikimbiza. Bora jipya la Kichina lenye umri mdogo kuliko mtumba wa jina kubwa ambao hujui umeishi wapi.

Umri uko wapi? Ubavuni, kwenye msururu unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2323, ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, mwachie aliyepanda maua ndani yake. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, na kwa bahati mbaya huwa upande wa ndani, kwa hiyo soma kabla halijafungwa. Viwanda vikubwa vinashauri kuanzia miaka mitano tairi likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama linapendeza. Kwa joto la pwani sisubiri yote hayo, na dukani sinunui lililozidi miaka miwili. Tena usipewe lile la nje lililopangwa juani kuvutia wateja. Waambie watoe la ndani.

Kwenye mapya, ubavuni kuna maneno matatu ambayo wauzaji wengi hawayataji: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. Ya kwanza ni namba ya uimara wa kashata. Kadiri inavyopanda ndivyo tairi linavyodumu, na kwa kawaida ndivyo linavyopungua kushika. 200 kushuka chini ni matairi ya mashindano na ya wachezea drift, yanashika kama gundi na yanaisha. 500 kwenda juu ni ya kusafiri taratibu. Mimi natafuta kati ya 300 na 400 hivi. Ila namba hiyo kila kiwanda kinajipa chenyewe baada ya vipimo vyake, kwa hiyo ilinganishe ndani ya kampuni moja kuliko kati ya kampuni mbili. TRACTION ni kushika breki kwenye lami na zege lililolowa, kwa mstari mnyoofu: AA, A, B, C. Hapo sibembelezi, A au AA, B naiacha dukani. Haisemi chochote kuhusu kona, lakini tairi lisilosimama kwenye maji usitegemee lipinde kwenye maji. TEMPERATURE ni uvumilivu wa joto, A ndiyo ya juu, na kwa mtu wa Segera joto ni jambo la kila siku.

Kisha tazama mchoro kwa macho. Nataka mifereji mipana mitatu au minne inayozunguka tairi lote, hiyo ndiyo mitaro ya maji. Nataka bega la nje lenye mabonge makubwa yaliyoshikana, hilo ndilo linalobeba gari kwenye kona. Matairi ya namna hii mara nyingi yameandikwa OUTSIDE upande mmoja na INSIDE upande wa pili. Na upana usikudanganye: tairi pana zaidi kwa gari lile lile linaelea mapema zaidi juu ya maji. Kati ya Segera na Mombo malori yamechimba mikondo kwenye lami, mvua ikinyesha inakuwa mifereji miwili mirefu iliyojaa, na gari dogo linapenda kuingia humo humo. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, tayari unaelea. Legeza mafuta, shika usukani mnyoofu, usikanyage breki kwa nguvu.

Majina? Kwa macho yangu, tairi la Kichina likiwa bei moja, la Kikorea huwa kama moja na nusu, na la Kifaransa au Kijapani mara mbili na zaidi, japo dola ikipanda yote yanahama. Korea kuna Hankook, Kumho na Nexen. Indonesia kuna GT Radial, Taiwan kuna Nankang na Maxxis, India kuna Apollo. China kuna Westlake, Linglong, Triangle, Sailun na majina mengine ambayo leo yapo na kesho hayapo. Kanuni yangu ni kwamba nikiwa na hela ya kutosha nachukua Korea au Indonesia, na nikipungukiwa nachukua la Kichina la kiwanda kinachojulikana, lenye A ya kushika na tarehe ya karibuni. Jina ambalo hata kwenye intaneti halina kiwanda silinunui hata likiwa nusu bei.

Nunua manne yanayofanana. Hela ikitosha mawili tu, mapya yanafungwa nyuma. Fundi atabisha, wote wanabisha, “dada, mbele ndiko kwenye usukani.” Ndiyo, na ndiyo maana mbele ikianza kuteleza utaihisi mikononi na utapunguza. Nyuma ikiteleza haikuambii, unaona tu bonde la Soni limehamia kwenye kioo cha pembeni. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama Altezza, sijadili.

Simama pale pale wakati wa kufunga. Neno OUTSIDE lazima libaki linaonekana nje kwenye magurudumu yote manne. Kama tairi lina mshale wa ROTATION, mshale uelekee mbele. Nimeshaona gari limetoka karakana safi yenye viyoyozi, mishale miwili inatazama mbele na miwili nyuma, na karatasi ya malipo imegongwa muhuri. Valvu mpya, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), kisha alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu). Ukiruka alaimenti, matairi mapya yataisha ukingo mmoja kabla hujalipa deni lake. Habari ya kujaza naitrojeni ipite tu, hewa ya bure ni naitrojeni asilimia 78 tayari.

Upepo ndio kifaa cha bei rahisi kuliko vyote kwenye gari. Vijana wa vituo vya mafuta wanajaza psi 35 kila gari, kuanzia Vitz hadi Noah. Soma kibandiko cha mlango wa dereva. Gari la Kijapani linaandika kipimo kingine cha upepo, kPa: 220 ni kama psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla hujatembea. Nyuzi joto zikipanda au kushuka kama tano na nusu, upepo unabadilika kama psi moja, kwa hiyo uliojaza Tanga mchana, gari likiwa limetoka barabarani, asubuhi ya Lushoto utakuta umepungua bila pancha. Usimwambie mtu autoe ukiwa umefika Mombo tairi linafuka moto. Nikiwa na mzigo naongeza psi mbili nyuma. XL nayo inataka upepo kidogo zaidi ya tairi la kawaida ili ibebe uzito wake wote.

Matairi mapya yanateleza mwanzoni kwa sababu ya vilainishi vya kiwandani, yape kilomita mia chache za upole kabla ya kuyatafutia kona. Baada ya kilomita kama mia kaza nati tena. Kila elfu nane hadi kumi hamisha mbele na nyuma. Kupima kashata chukua njiti ya kiberiti, ichomeke kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, ipime kwenye rula. Jipya huwa na milimita kama nane. Kiwandani mwisho ni 1.6, lakini kwa masika mimi nikifika tatu naanza kutafuta hela, kwa sababu hapo mitaro imeshakuwa mifupi na maji hayana pa kwenda. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopa kuliko zote, vumbi na dizeli vinachanganyika na hakuna tairi la bei yoyote linaloshika vizuri juu ya hilo. Na hiyo panda ina watoto wa shule, bodaboda na malori ya mboga, kwa hiyo mzuka wangu unaishia pale ninapoacha kuona lami mbele.

Mwisho fungua buti uangalie spea. Magari mengi haya yana spea ile nyembamba ya dharura, na wengi hawajawahi kuigusa tangu bandarini. Soma tarehe yake, yaweza kuwa ni ya mwaka lilipotengenezwa gari. Ikiwa bado nzima, imeandikwa kPa 420, yaani psi 60, na mwendo wake usizidi 80. Kijana wa upepo atagoma akisikia 60. Mwonyeshe maandishi ubavuni, kisha simama hapo hapo mpaka afike.